Re: Simu inaonyesha mpaka wa hifadhi nikiwa nawinda kanga?
Mkuu umeuliza kama Google Maps inatosha kukuonyesha mpaka ukitoka hapa Mwanza na kibali chako kwenda kuwinda kanga upande wa Bunda. Haitoshi. Ule ukijani wa Serengeti unakupa picha tu, ardhi ya kijiji na shamba la mtu huvioni kabisa. Mi niliwahi kuchukua namba za bikoni (nguzo za mpaka) kwenye ramani ya upimaji nikaziingiza kwenye simu, ikanipeleka kama mita 300 pembeni, katikati ya mihogo ya watu na mbwa wananibwekea, kumbe ramani zetu nyingi zimepimwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuandika namba za mahali, na simu inasoma WGS84, mfumo wa GPS, so badili namba ziende kwenye mfumo wa simu kwanza. Halafu pita kwa mtendaji wa kijiji akupe mtu wa kukutembeza mpakani. Na hata shambani kwako kanga ni mali ya serikali, kibali lazima.