Kupoza, kupooza, na maikrowevu isiyopasha moto

SWALI: Ustadhi, mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Amu. Naandaa somo kuhusu molekuli zenye ncha mbili za umeme, zinazonaswa ndani ya ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, na kupozwa kwa maikrowevu katika kitundu cha metali. Mwenzangu anacheka: maikrowevu hupasha moto, haiwezi “kupooza”. Na hicho kitundu, fundi mmoja wa nyumba za mawe anataka nikiite kidaka. Nishike lipi?

JIBU: Mwalimu, mwenzako ana udhuru kwa hoja ya kwanza. Jiko analolijua hutoa mawimbi ya gigahezi 2.45, molekuli za maji hugeukageuka, zikasukumana na jirani zao, chakula kikapata moto. Katika ombwe jirani yuko mbali. Huko huchaguliwa wimbi lenye nishati pungufu kidogo kuliko inayohitajika kuizungusha molekuli, nayo hulipa upungufu huo kutoka katika mwendo wake. Baadaye hutoa fotoni, yaani punje moja ya wimbi, yenye nishati kamili ya mzunguko ule, nayo fotoni ikaponyoka na nishati ile. Molekuli peke yake ingekawia mno kuitoa. Kuta za metali zilizopimwa sawasawa na wimbi huiharakisha, jambo alilolieleza mwanafizikia Edward Purcell mwaka 1946. Sharti kuta zenyewe ziwe baridi sana, la sivyo zitairudishia molekuli joto.

Basi wimbi hupoza, wala halipoozi. Kama jaa inavyozaa jaza, na tulia ikazaa tuliza, poa huzaa poza. Wapo wasemao kupooza kwa maana hiyohiyo, lakini darasani utasikia mtoto akiuliza kama molekuli zimepatwa na kiharusi. “Kupunguza joto” ni sahihi, nami ningeliweka panapotajwa kipimo. Kugandisha usiguse: hapa hakuna barafu.

Kidaka nakipenda, maana zidaka za kuta za Amu ni fahari yetu. Lakini kidaka kiko wazi mbele, kila mgeni aone sahani za kaure; wimbi lingetoka mara moja. Tundu nalo kwa wengi ni la sindano au la panya. Mimi nachagua mvungu, ule wa mtaka cha mvunguni, wingi wake mivungu.

Andika hivi: “Molekuli zilizonaswa hupozwa kwa mawimbi ya maikrowevu ndani ya mvungu wa metali.”