Kuboresha nyaraka za maktaba sanifu ya Python: anzia pale msomaji anapokwama

Mkuu, umeuliza kama mtu asiyejua lugha ya C anaweza kuchangia lugha ya programu ya Python kwa kurekebisha nyaraka za maktaba yake sanifu (moduli zinazokuja pamoja nayo), aanzie wapi, na kama si bora atangulie kuzitafsiri kwa Kiswahili. Kazi hii nimeifanya kwa muda sasa, pembeni ya kufundisha, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe.

Anaweza kabisa, na C hataihitaji. Ila ningekuomba usianze kwa kupitia kurasa ukiwinda sentensi mbaya. Karibu kila sentensi utakayoikuta ni ya kweli, na mara nyingi ni sahihi hadi nukta. Shida iko kwingine: ukweli upo, lakini umekaa mahali ambapo mwenye kuuhitaji hafiki. Hilo hutaligundua kwa kusoma peke yako. Utaligundua ukimtazama mtu mwingine akizitumia nyaraka hizo huku kazi imemkwama.

Chukua moduli ya csv, inayosoma na kuandika majedwali kama maandishi yenye mkato kati ya safu. Wanafunzi wangu wengi wana kompyuta za Windows. Hakosekani mmoja aliyeandika programu ya michango ya SACCOS au ya kikundi cha mtaani, akahifadhi orodha kwa csv, kisha akaifungua kwenye Excel na kukuta mstari mtupu baada ya kila mwanachama. Anadhani kitanzi chake kina hitilafu. Anakipangua, anakipanga upya, na mistari mitupu iko palepale.

Chanzo ni hiki: moduli ya csv kwa kawaida humalizia kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana, `\r\n` (`\r` ni kurudi mwanzo wa mstari, `\n` ni mstari mpya). Faili ikifunguliwa kwa hali ya maandishi kwenye Windows, Python nayo hugeuza kila `\n` kuwa `\r\n`. Matokeo yake ni `\r\r\n`, na Excel inaona mstari wa ziada. Kwenye Linux ugeuzaji huo haufanyiki, kwa hiyo mwalimu anayetumia Linux anaweza kufundisha miaka bila kuliona tatizo lenyewe. Dawa ni kufungua faili kwa `newline=''`, basi.

Je, nyaraka zimelisema hilo? Zimelisema. Ukurasa wa csv unaagiza faili ifunguliwe hivyo, na mifano yake inafanya hivyo. Lakini sababu imewekwa kwenye tanbihi, mwisho kabisa wa ukurasa mrefu. Msomaji anaona `newline=''` ndani ya mfano, haoni inafanya kazi gani, anaichukulia kama pambo na kuiacha. Hata akiteremka hadi kwenye tanbihi, anakuta habari ya `\r` kuongezwa. Hiyo ni lugha ya fundi aliyekwisha kujua ugonjwa. Mwenye tatizo hana `\r` kichwani, ana mistari mitupu mbele ya macho yake, na maneno hayo ndiyo atakayoyatafuta.

Ukitaka kuboresha mahali kama hapo, usiongeze aya tatu. Sentensi moja inatosha, iwekwe pale `newline` inapotajwa kwa mara ya kwanza, itaje dalili kwanza na chanzo baadaye. Mwongozo wa wachangiaji wa Python wenyewe unasisitiza ufupi, na unataka nyaraka zieleze kitu kinafanya nini badala ya kujaza maonyo kila kona. Nakubaliana nao kwa moyo wote. Ukurasa wenye visanduku vyekundu vitano haumwonyi mtu yeyote.

Mfano wa pili unaonyesha kwamba maneno peke yake yana mwisho wake. Mwanafunzi aliyekuwa anatengeneza kichanganuzi cha maneno ya Kiswahili aliandika `'watoto'.lstrip('wa')`, akapata `'toto'`, akaridhika. Akajaribu `'wawakilishi'.lstrip('wa')`, akapata `'kilishi'`. Sababu ni kwamba `lstrip` haiondoi kiambishi. Inachukua herufi ulizoipa kama mkusanyiko, na kuondoa yoyote kati ya hizo inayokutana nayo mwanzoni, hadi ikute herufi isiyomo. Nyaraka zilikuwa zimelieleza hilo waziwazi kwa miaka, na bado watu wakaendelea kuripoti kama hitilafu. Hatimaye lugha yenyewe ikabadilishwa: Python 3.9, iliyotoka Oktoba 2020, ilileta `removeprefix` na `removesuffix`. Kwa `removeprefix('wa')` unapata `'wakilishi'`, kama ulivyotaka. Leo maelezo ya `lstrip` yanakuelekeza huko, na mfano wake unaziweka mbinu mbili kwenye neno lilelile, mstari chini ya mstari, ukaona tofauti bila kuelezwa. Mfano wa namna hiyo naupa thamani kuliko maelezo mengi. Na ukiona watu wanakwama palepale ingawa maandishi ni mazuri, liseme hilo pia unapofungua mjadala. Huenda kinachohitaji kurekebishwa ni maktaba.

Sasa utendaji wenyewe, ambao ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Msimbo wote wa CPython, yaani Python ya kawaida iliyoandikwa kwa C, uko GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, tangu 2017, na ripoti za hitilafu zilihamia huko 2022. Nyaraka za maktaba ziko kwenye folda ya `Doc/library`. Ukurasa wa csv ni faili `csv.rst`. Zinaandikwa kwa reStructuredText, maandishi ya kawaida yenye alama za mpangilio, na kujengwa na Sphinx, chombo ambacho awali kilitengenezwa kwa ajili ya nyaraka hizihizi. Ingia folda ya `Doc`, andika `make html`, utapata kurasa kwenye kompyuta yako. Rekebisho la kosa la tahajia litume moja kwa moja. Badiliko la maana lifungulie kwanza ripoti, ueleze nani alikwama, aliandika nini, alipata nini na alitarajia nini. Ripoti yenye mistari minne ya msimbo unaoendeshwa hujibiwa vizuri kuliko insha. Utaombwa kutia saini mkataba wa wachangiaji mara moja, kisha subiri. Wahakiki wengi wanajitolea, na wiki kadhaa kupita kimya si dharau.

Kila mfano unaouandika, uendeshe. Python ina moduli ya doctest inayosoma mifano ndani ya maandishi na kuangalia kama jibu lililoandikwa ndilo linalotoka. Na kama suala linahusu mfumo wa uendeshaji, jaribu kwenye mfumo huo. Hapo ndipo sisi tunaotumia Windows za kawaida tuna cha kuchangia. Kwa mfano, `ZoneInfo('Africa/Nairobi')`, inayotafuta majira ya saa ya Nairobi, inafanya kazi kwenye Linux nyingi bila kuongeza kitu, lakini Windows haina hifadhidata hiyo ya majira ya saa, na itagoma hadi usakinishe kifurushi cha `tzdata`.

Kuhusu tafsiri. Naitaka sana, ila si mlango mzuri kwa mtu mmoja. Utaratibu uliowekwa 2017 katika PEP 545 (PEP ni hati rasmi za mapendekezo ya Python) unataka lugha ikamilishe somo la utangulizi, ukurasa wa funksheni za ndani na ukurasa wa kuripoti hitilafu kabla haijawekwa kwenye orodha ya kuchagulia lugha. Na matoleo mapya hayaishi, kila mwaka linatoka moja, kwa hiyo inahitajika timu ya kuilea. Ningependa tuipate timu hiyo. Lakini sentensi iliyo mbali na msomaji wake kwa Kiingereza itakuwa mbali hivyohivyo kwa Kiswahili, na ukiirekebisha kwenye chanzo, Wajapani, Wafaransa na Wakorea ambao tayari wana tafsiri zao watafaidika pamoja nasi.

Kwa wiki hii, kaa na mwanafunzi au mwenzako anayetumia moduli unayoifahamu, usimsaidie, andika tu kila anapofungua ukurasa na kuufunga bila jibu. Ukiipata sehemu moja, iweke hapa pamoja na msimbo wake. Nitausoma kabla hujaupeleka GitHub.