Kompyuta ya mezani kujizima ikipata moto

Kaka kama kompyuta yako inazima dakika kumi tu baada ya kufungua gemu, na ukiiacha ipoe inawaka kama hamna kitu, usihangaike kupiga Windows upya, hilo ni joto. Prosesa (ile chipu kuu, ubongo wa kompyuta) ikikaribia digrii 100 inapunguza kasi, na joto likizidi kupanda inajizima yenyewe isiungue. Ingia kwanza kwenye BIOS (ile menyu ya mipangilio unayoingia kabla Windows haijawaka) ucheki joto, pale ikiwa imetulia inatakiwa icheze kama 30 mpaka 50 hivi, ukikuta 80 na bado inapanda basi feni haizunguki au lile bati la kupozea halijakaa vizuri juu ya prosesa.

Zima, chomoa waya wa umeme, fungua kava la pembeni. Vumbi litoe kwa brashi laini na blowa ila shikilia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, watu wengi wanaua feni hapo. Halafu itikise feni ya prosesa taratibu, zile za pini nne za plastiki pini moja ikichomoka tu upande mmoja unanyanyuka na joto halitoki tena, mimi yangu ilinisumbua wiki nzima kumbe ni kapini tu 😂 Kama imekaza na mashine ina miaka kadhaa, pesti (ule uji unaopakwa kati ya prosesa na bati la kupozea) itakuwa imekauka, futa ya zamani kwa spiriti weka mpya kidogo kama punje ya mbaazi, sio unapaka kama siagi.

Joto likiwa sawa na bado inazima, mtuhumiwa ni pawa saplai, lile boksi la ndani linaloipa kompyuta umeme.