Nishike laptopu ipi ya kurekodi taarab nyumbani?

SWALI: Fundi, assalamu alaikum. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Narekodi kasida na taarab nyumbani: udi, fidla, matari na mwimbaji, wote chumba kimoja na mimi. Laptopu yangu ni ya zamani kidogo, RAM yake GB 8, na sauti inakatikakatika. Mwimbaji naye analalamika kuwa sauti yake inamfikia kwenye hedifoni ikiwa imechelewa. Nina shilingi 80,000. Kuna laptopu ya michezo iliyotumika nimeiona duka moja la Mombasa, na rafiki yangu ananishauri nitafute MacBook Air ya M1 yenye GB 8. Nishike ipi?

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Hizo pesa ziache kwanza mfukoni. Umetaja maradhi mawili, na huenda hakuna hata moja linalotaka laptopu mpya.

Kuchelewa kwa sauti ni habari ya bafa. Kompyuta hukusanya sauti fungu kwa fungu ndipo ikaishughulikia, na ukubwa wa fungu hilo ndio bafa. Ukirekodi kwa sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 48,000 kwa sekunde na bafa umeiweka sampuli 512, fungu moja ni takriban milisekunde 11 wakati wa kuingia, na nyingine 11 wakati wa kutoka. Mwimbaji mwenye sikio ataihisi tu. Ukiishusha hadi 128, fungu linakuwa chini ya milisekunde 3, ila sasa prosesa inakimbizwa, na ikishindwa kuwahi ndipo sauti hukatika. Watu wengi hufika hapa wakakimbilia dukani. Lakini kadi nyingi za sauti za nje, vile visanduku vya kuunganishia maiki na kompyuta, zina kitufe cha kumrudishia mwimbaji sauti yake moja kwa moja kutoka kwenye maiki, bila kuipitisha kwenye kompyuta. Kitumie hicho, uzime usikilizaji wa ndani ya programu asije akajisikia mara mbili, kisha bafa iwache 512. Ukifanya hivyo mwimbaji hatalalamika tena.

Ikiwa hata kwenye 512 bado inakatika, usiilaumu RAM. Njia nne za maiki ni kazi ndogo hata kwa mashine ya miaka kumi. Mara nyingi mkosaji ni draiva fulani (programu inayoendesha kifaa), hasa ya Wi-Fi, inayoishikilia prosesa kwa kitambo kidogo kisha ikaiachilia. Zima Wi-Fi, weka Windows kwenye hali ya nguvu kamili, hakikisha unatumia draiva ya ASIO (ile ya kupunguza ucheleweshaji wa sauti kwenye Windows) iliyotolewa na mtengenezaji wa kadi yako, kisha endesha LatencyMon. Ni programu ya bure, na itakutajia draiva yenyewe kwa jina.

Tuseme umefanya yote hayo na bado unataka kununua. Ya michezo iondoe. Nguvu inayo, lakini nguvu hiyo huja na joto, na joto huja na feni. Kwenye chumba cha Lamu mwezi wa pili feni hizo hazinyamazi, na udi ni chombo cha sauti ndogo, maiki yake utaisogeza karibu na kuiongeza nguvu sana. Utarekodi taksimu (mpigo wa udi peke yake) nzima na upepo wa feni ndani yake. Isitoshe, sehemu kubwa ya bei yake imekwenda kwenye kadi ya picha, ambayo kwa kurekodi haikusaidii kitu.

Rafiki yako hakukosea. MacBook Air ya M1 haina feni kabisa, na kwa vyombo vya kupigwa na mkono GB 8 zinatosha. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba RAM na hifadhi yake zimeunganishwa kwenye bodi, huwezi kuongeza wala kubadilisha. Chumvi ya bahari ikiila bodi, na rekodi zako zaweza kwenda nayo. Siku ukitaka kutumia ala za programu, hizi za vinanda na ngoma zinazopakiwa kwenye RAM, GB 8 zitakubana.

Mimi ningechukua laptopu ya ofisi iliyotumika, mfano ThinkPad T480 ya mwaka 2018. Ina nafasi mbili za RAM, kwa hiyo utaifikisha GB 16 bila tabu, na diski yake hubadilishwa kwa bisibisi. Usishuke chini ya prosesa ya Intel ya kizazi cha 8, kwa sababu Windows 11 haizikubali za nyuma ya hapo isipokuwa chache, na Windows 10 ilikatiwa huduma Oktoba 2025. Diski iwe SSD, ile isiyo na sahani inayozunguka. Ukubwa usikutishe: njia moja ya biti 24 kwa 48,000 inakula takriban MB 8.6 kwa dakika, kwa hiyo njia zako nne kwa saa nzima ni kama GB 2 tu.

Hiyo nayo ina feni, najua. Ndiyo maana pesa itakayobaki nataka uitie kwenye kadi yenye maingilio manne ya maiki na nyaya ndefu za XLR, zile za maiki. Waya wa maiki hata mita 10 hauharibu sauti, basi kompyuta na kadi viweke chumba cha pili. Ukuta wa mawe ya matumbawe utazuia feni vizuri kuliko sponji yoyote ya kununua. Chumba cha wapigaji, kwa kuwa ufupi wa boriti za dari umekifanya chembamba, sauti itagongana baina ya zile kuta mbili ndefu. Tundika mazulia upande mmoja walau. Punda wa jirani ni mtihani mwengine, huyo hana draiva.

Ukifika dukani, fungua Command Prompt (dirisha la Windows la kuandikia amri) uandike powercfg /batteryreport. Ripoti itakuonyesha betri iliundwa kubeba kiasi gani na sasa inabeba kiasi gani. Usiidharau betri: mlio wa "zzzz" unaotokea chaja ikichomekwa mara nyingi huisha ukichomoa, na utataka ikuvushe angalau nyimbo mbili tatu. Chomeka kadi yako kwenye kila tundu la USB, rekodi dakika tano, usikilize. Muuzaji akikukatalia hilo, nenda duka la pili.