Kipimo hasi cha ukuzaji: hesabu inaanzia kwenye kitovu

Swali: Nafundisha tuisheni ya hisabati Majengo, Moshi. Niliwapa wanafunzi pembetatu A(5, 3), B(7, 3), C(5, 6) waikuze kwa kipimo cha −2, kitovu kikiwa P(3, 2). Wengi wameandika A′(−10, −6). Wengine wamechora pembetatu iliyopinduka vizuri tu, ila ukubwa ni uleule. Najua wote wamekosa, lakini nashindwa kuwaonyesha wamekosea wapi. Halafu kuna aliyeniuliza kama huku kupinduka si sawa na kuakisi kwenye kioo.

Jibu: Mwalimu, tuanze na jibu sahihi, maana makosa yote mawili yanapimwa kwalo.

Kutoka P kwenda A unatembea vyumba (miraba ya karatasi ya grafu) 2 kulia na 1 juu. Zidisha kwa −2: vyumba 4 kushoto na 2 chini. Sasa rudi P, si A, ndipo utembee hatua hizo: 3 − 4 = −1, na 2 − 2 = 0. Kwa hiyo A′(−1, 0). Kwa B hatua ni (4, 1), zinakuwa (−8, −2), unapata B′(−5, 0). Kwa C ni (2, 4), zinakuwa (−4, −8), unapata C′(−1, −6).

Walioandika (−10, −6) wamezidisha namba za A moja kwa moja. Njia hiyo ni halali pale tu kitovu kinapokuwa (0, 0). Kosa hili ni gumu kuligundua kwa macho, kwa sababu umbo linatoka na ukubwa sahihi na limepinduka ipasavyo. Limekaa pasipo pake tu. Waambie wamalizie B na C, kisha walinganishe na jibu sahihi: kila nukta imepotea kwa vyumba 9 kushoto na 6 chini. Hiyo (9, 6) ni mara tatu ya (3, 2), yaani P yenyewe. Ndiyo kanuni A′ = −2A + 3P, na wao wameiacha 3P.

Kundi la pili wamezidisha vizuri, lakini wakaanza kutembea kutoka kwenye kipeo. Kutoka A(5, 3), vyumba 4 kushoto na 2 chini, unaangukia (1, 1). Hapo wamerudi hadi P na kuivuka kwa umbali uleule wa PA, kwa hiyo wamekuza kwa −1 bila kujua. Ukiona taswira (umbo linalotokana na ukuzaji) imelingana na umbo la mwanzo wakati kipimo ni −2, usitafute kosa pengine.

Rula inatosha kuhakiki. Unganisha A na A′, B na B′, C na C′. Mistari yote lazima ikatane P, na P iwe katikati ya umbo na taswira yake. PA′ iwe mara mbili ya PA, hivyo AA′ nzima ni mara tatu. Eneo litoke 3 liwe 12, bila alama ya hasi, kwa kuwa (−2) × (−2) ni 4.

Kuhusu kioo, hapana. Soma A, B, C kwa mpangilio: unazunguka kinyume cha saa, na A′, B′, C′ vilevile. Kioo kingegeuza mzunguko huo. Nakili pembetatu kwenye karatasi angavu, ichome pini kwenye P, uizungushe nusu duara: hiyo ndiyo −1. Ukiikuza mara mbili kutoka P, umepata −2. Kuakisi kungekulazimu uifunue karatasi upande wa pili.

Wakikataa bado, chukua boksi lenye kina cha sentimita 10, toboa tundu dogo upande mmoja, na upande wa pili bandika karatasi iliyopakwa mafuta ya kupikia. Mshumaa wa sentimita 12 ukiwa sentimita 30 mbele ya tundu, chumba kikiwa na giza, utaonekana kwenye karatasi kichwa chini, urefu sentimita 4. Tundu ndilo kitovu, na kipimo ni −1/3 (nalo tunaliita ukuzaji, ingawa umbo limepungua). Asubuhi kabla mawingu hayajafunga, jifunikeni blanketi na kuelekeza boksi kwenye Kibo, kilele cha Kilimanjaro: theluji itakuwa chini.