Usiipeleke hiyo barua ya kuacha kazi

Mleta uzi, kama barua hujaikabidhi, usiikabidhi. Kama umeikabidhi asubuhi hii, rudi ukaiombe. Nimesoma uzi wako mara tatu na kifua kimenibana, maana ni kama nasoma maisha yangu ya miaka sita iliyopita, mpaka huyo mshauri anayekwambia "pumzika kwanza nyumbani akili itulie, tiba utaitafuta ukishapata nguvu."

Kwa wanaoingia sasa hivi: mwenzetu ana miezi minne moyo unamwenda mbio vikaoni, mikono inakufa ganzi, pumzi inakata, anahisi roho inatoka, yaani mashambulio ya hofu. Daktari amempima moyo na tezi ya shingo, amekuta salama. Mara tatu ametoka kikaoni katikati. Sasa anataka kuacha kazi, na anauliza mambo matatu: huu ni ugonjwa au udhaifu, tiba ya kisaikolojia inasaidiaje, na dawa zina hatari gani.

Mimi nianze na hiyo barua, ambayo wala hukuiulizia. Umeitaja juu juu kama jambo lililokwisha kuamuliwa, na ndiyo itakayokuumiza kuliko yote.

Hofu yangu ilianza hivi. Nilikuwa nimesimama nasoma ripoti mbele ya watu kumi na wawili. Nikafika ukurasa wa pili, moyo ukaanza kugonga kama mtu anayetaka kuvunja mlango. Vidole vikafa ganzi, midomo ikawa kama si yangu. Wazo likawa moja tu: naanguka hapa, mbele ya hawa wote. Nikasingizia simu, nikatoka. Nikaegemea ukuta koridoni, na baada ya dakika chache mwili ukapoa. Nikashusha pumzi.

Ule unafuu wa koridoni ulinigharimu miaka miwili.

Wakati ule sikuelewa kilichotokea. Nimekuja kukielewa baadaye, na nitakieleza kama nilivyoelezwa. Mwili una king'ora chake. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala ikihisi hatari, adrenalini inamwagwa, moyo unaharakisha ili misuli ipate damu, pumzi inakuwa fupi na ya haraka. Ukipumua haraka mno hewa ya ukaa inapungua kwenye damu, na hapo ndipo ganzi na kizunguzungu vinapotoka. Hakuna kilichoharibika, ni king'ora kimelia pasipo moto. Lakini mwenye mwili hajui hilo. Anausikia moyo, anasema nakufa. Akisema nakufa, king'ora kinaongeza sauti. Mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, aliuandika mzunguko huu mwaka 1986, na niliposimuliwa nililia, kwa sababu nilikuwa nimeishi ndani yake muda wote ule nikidhani ni mimi peke yangu duniani.

Shambulio la hofu kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha linaanza kushuka lenyewe. Mwili hauwezi kubaki kileleni. Lakini mtu akitoka nje dakika ya nne, likashukia koridoni, ubongo unaandika nini? Unaandika: tumepona kwa sababu tumetoka. Hauandiki kwamba lingeshuka hata ungebaki pale pale na karatasi mkononi. Kwa hiyo kikao kinachofuata king'ora kinalia mapema zaidi, maana sasa kina ushahidi kwamba chumba kile ni hatari na mlango ndio uokozi.

Na hakiishii kwenye vikao! Hiki ndicho ninachotaka ukishike. Kwangu ilianza na vikao, ikaja kwenye chumba chochote chenye mlango uliofungwa, ikaja kwenye lifti, ikaja kwenye basi, kisha foleni yoyote ambayo nisingeweza kuchomoka bila watu kunitazama. Kila nilipoacha kimoja nilipata siku chache za amani, halafu hofu ikasogea kwenye kinachofuata.

Hapo ndipo alipoingia mshauri wangu. Simtaji, na hata ningemtaja haisaidii, kwa sababu wapo wengi wa aina yake. Alijiita mtaalamu wa utulivu wa akili. Sauti ya upole, maneno matamu, na kila wiki somo lilikuwa lile lile: linda amani yako, mwili wako unakwambia ukweli, achana na kila kinachokutikisa. Nikamwambia sipandi tena lifti. Akanipongeza. Nikamwambia nimeacha kupanda basi, akasema najifunza kujipenda. Nikamwambia nafikiria kuacha kazi, akasema huo ndio ujasiri. Miezi saba namlipa mtu ananipigia makofi huku nikijifungia ndani chumba kimoja baada ya kingine! Hakuwahi hata siku moja kuniuliza swali ambalo mwanasaikolojia aliniuliza ndani ya dakika ishirini za kwanza: "Unaogopa kitatokea nini hasa?"

Bado nina hasira naye. Mtu anayejua kweli wasiwasi unavyofanya kazi hawezi kukosa kulijua hili, ni herufi ya kwanza kabisa. Tangu mwaka 1947 mwanasaikolojia Mowrer alikwisha kueleza jinsi kukwepa kunavyoilisha hofu: unafuu unaoupata ukikwepa ndio zawadi inayokufundisha kukwepa tena. Kwa hiyo mtu anapochukua hela zako akakwambia kaa mbali na kinachokutisha hadi kiache kukutisha, ama hajui au hajali.

Nikaacha kazi. Na nikwambie ukweli ili usije ukadanganyika: wiki mbili za kwanza zilikuwa tamu. Nililala, nilikula, nikawaambia watu nimepona. Wewe pia utapona wiki mbili. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa siwezi kufika mwisho wa barabara yetu. Mdogo wangu alipoolewa, harusi niliisikiliza kwa simu nikiwa nimekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango wa chumba. Nilimwambia nina homa. Mpaka leo hajaniuliza, na mimi najua kwamba anajua.

Ndiyo maana nakuandikia usiku huu badala ya kulala.

Kanuni yangu ni moja, na ningeweza kufuta yote niliyoandika nikakuachia hii tu: toka kwa sababu shughuli imekwisha, usitoke kwa sababu hofu imepanda. Kikao kikiisha, toka. Basi likifika kituoni kwako, shuka. Lakini king'ora peke yake kisikuamulie lini unanyanyuka.

Sasa kuhusu tiba, maana uliuliza inasaidiaje. Mimi nilidhani ni kulala kwenye kochi kusimulia utoto. Ile niliyopata inaitwa tiba ya utambuzi na tabia, na ilikuwa kazi ya mikono. Kikao cha tatu mwanasaikolojia aliniambia nikae kwenye kiti kinachozunguka, akakizungusha dakika nzima. Kizunguzungu, moyo mbio, kichefuchefu, hali zote nilizozikimbia miaka miwili, na safari hii tumezileta wenyewe kwa makusudi ofisini kwake. Akauliza: umekufa? Siku nyingine nikakimbia papo hapo nilipo mpaka moyo ukadunda masikioni. Siku nyingine nikapumua kupitia mrija mwembamba huku nimebana pua. Mwili ukaanza kuzoea kwamba moyo kwenda mbio ni moyo kwenda mbio tu.

Kisha tukapanga ngazi. Si ile ya dawa ya moto ni moto, ya kumfungia mtu kwenye lifti mpaka azimie. Ngazi ya kwanza ilikuwa kusimama nje ya lifti milango ikifunguka na kufunga. Kisha kuingia na kutoka. Kisha ghorofa moja nikiwa naye, ghorofa moja peke yangu, halafu lifti ikiwa imejaa. Kila ngazi tuliirudia hadi ikachosha. Kabla ya kila zoezi nilijaza karatasi: natabiri nini kitatokea, nina uhakika kiasi gani kati ya 0 na 100. Baada ya zoezi nilijaza kilichotokea. Ninayo karatasi ya lifti ya kwanza hadi leo. Utabiri: nitazimia, 90. Kilichotokea: nilitokwa jasho, mtu mmoja akaniuliza saa.

Na alinikamata kwenye hila nyingine ambayo nakuomba ujichunguze nayo. Nilikuwa nabeba chupa ya maji kila mahali, nakaa karibu na mlango, nashika simu nikiwa tayari kumpigia mtu. Hizo huitwa tabia za kujikinga. Ukibaki kikaoni lakini umeng'ang'ania chupa, ubongo unasema chupa imetuokoa. Basi na chupa nayo ikabidi iachwe, kidogo kidogo. Niliona ni jambo dogo mno hadi siku niliyoiacha nyumbani.

Alinisahihisha pia jambo moja: mimi nilikuwa nasubiri hofu ishuke hadi sifuri ndipo nihesabu nimefaulu. Akasema hapana, siku nyingine haitashuka sana na bado umejifunza, kwa sababu ulichotabiri hakikutokea. Ushahidi ndio unaohesabika.

Vikao vilikuwa kumi na vinne. Linganisha na miaka miwili ya "kupumzika". Na haikuwa bahati tu: mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unataja jumla ya saa 7 hadi 14 za tiba hii kwa mashambulio ya hofu. Kwa ule wasiwasi mwingine wa kuwaza kila kitu kila siku, unaodumu miezi sita na zaidi, unataja vikao 12 hadi 15 vya saa moja kila wiki.

Ukienda kutafuta mtaalamu, muulize amesomea nini na wapi, na asikasirike ukiuliza. Kisha muulize mazoezi gani mtafanya kuhusu vitu unavyovikwepa, na utapewa kazi gani ya kufanya nyumbani. Akikwambia mtazungumza tu mpaka ujisikie vizuri, shukuru uondoke. Mzuri atakupima mwanzoni na katikati ili muone kama mnasogea. Mimi nilijaziwa dodoso la kupima wasiwasi liitwalo GAD-7, maswali saba, alama 0 hadi 21, na kuanzia 10 inashauriwa uchunguzwe zaidi. Nilianza na 17. Kikao cha mwisho nilikuwa na 6.

Kuhusu ugonjwa au udhaifu: ugonjwa, unaotibika, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 301 walikuwa na magonjwa ya wasiwasi, ya aina zote, mwaka 2019. Tusipoteze muda hapo.

Dawa, kwa ufupi. Zipo za kunywa kila siku ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na zimewasaidia wengi, zungumza na daktari. Zile za kutuliza papo hapo, jamii ya diazepamu, usikubali za kuazima kwa jirani. Mwili huzizoea, na mwongozo ule ule wa NICE unasema zisitumike kutibu mashambulio ya hofu. Lakini kama tayari unazitumia kila siku, usizikatishe ghafla, kukatisha ghafla kunaweza kuleta degedege. Daktari akupunguzie pole pole. Na mimi nikikutazama naona zinafanya kazi ile ile ya mlango: unameza, unapoa, ubongo unaandika kidonge kimetuokoa.

Turudi kwenye barua. Umesema kikao kijacho ni Alhamisi. Kama huwezi kukaa chote bila mtaalamu pembeni, sawa, sikulaumu hata kidogo, omba ruhusa ya kuhudhuria nusu saa ya kwanza na ukubaliane nao mapema. Nusu saa ikiisha utanyanyuka kwa sababu mlikubaliana. Chukua likizo ukihitaji, ila yenye tarehe ya kurudi, na miadi ya mwanasaikolojia iwe ndani ya likizo hiyo. Lakini kazi usiache, jamani.

Jumatano usiku chukua karatasi uandike unachotabiri kitatokea kikaoni na uhakika wako kati ya 0 na 100. Alhamisi ukitoka, andika kilichotokea. Ziandike namba zote mbili hapa, nitakuwepo.