Majani ya Mombasa: soma haya kabla hujanunua mbegu

Wanaoanza kufuga ng'ombe wa maziwa huku Kisauni, Mombasa, huniuliza wapande majani gani ya kulisha. Nikiwajibu "Mombasa" hucheka, wakidhani nawatania. Basi nieleze. Ni jamii ya panikamu, yale majani marefu yanayojiotea chini ya miembe. Watafiti wa Embrapa, shirika la utafiti wa kilimo huko Brazili, waliichagua aina moja bora, wakaitoa kwa wakulima mwaka 1993 kwa jina la Mombaça. Asili ya panikamu ni Afrika hukuhuku. Kitu tulichokuwa tukikikanyaga kimevuka bahari, kimeturudia ndani ya pakiti, tena kwa bei.

Mara ya kwanza niliyapanda kama mahindi: jembe, shimo, mbegu, fukia. Wiki ya tatu shambani hamkuwa na kitu ila ndago. Mbegu hii ni ndogo kuliko ufuta, ukiizika hainyanyuki. Siku hizi natifua udongo hadi uwe laini, kisha nachora mstari kwa kijiti, kina cha sentimita 1 au 1.5 basi. Nanyunyiza mbegu, napitisha kuti la mnazi juu yake mara moja, halafu nakanyaga mstari polepole ili mbegu ishikane na udongo. Mistari iachane nusu mita.

Lakini kabla ya hapo ijaribu mbegu yenyewe. Niliwahi kuuziwa pakiti safi kabisa kwa macho, ndani mwake nusu ni makapi. Hesabu mbegu 100, zitandaze kwenye sahani juu ya kitambaa kibichi, usikiache kikauke. Baada ya wiki mbili hivi utajua umenunua nini. Na mbegu mpya kabisa nayo ina ukaidi wake: ikitoka kuvunwa hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota. Ukipewa na jirani aliyevuna juzi, iweke kwanza mahali pakavu.

Aliye na rafiki mwenye majani tayari asihangaike na mbegu. Ng'oa shina zima, lipasue kwa panga, kila kipande kiwe na machipukizi matatu au manne yenye mizizi. Punguza majani kibaki kimo cha shibiri moja, panda siku hiyohiyo udongo ukiwa umelowa. Masika ndiyo wakati wake, mvua ikishakolea mwezi wa nne. Epuka tu mahali maji yanapotuama. Kivuli chepesi hakiyasumbui, ndiyo maana mimi nimeyapanda katikati ya minazi. Mchanga wetu hauna nguvu, kwa hiyo samadi ni lazima. Mimi nilishusha mikokoteni kadhaa kabla ya kupanda na bado naona ilikuwa kidogo.

Wiki sita za mwanzo ni palizi. Miche ni mizembe, magugu hayamngoji mtu.

Mkato wa kwanza huwa karibu miezi mitatu, ila usiitazame kalenda. Shika konzi ya majani, vuta kwa nguvu. Yakikatika mkononi, mizizi imeshashika. Yakija na udongo wake, rudi nyumbani.

Sasa ndipo wengi tunapoharibu. Msimu wangu wa kwanza majani yalinipita kichwa, kila apitaye husifu, nami nikavimba kichwa. Nilipoyakata, ng'ombe walichambua majani, wakaniachia mashina magumu kama henzirani, na maziwa yakapungua. Kata yakifika sentimita 90, yaani kiunoni. Hapo ni majani matupu, shina bado changa. Acha kisiki cha sentimita 30 hadi 40, kwa kuwa machipukizi yanategemea akiba ya hapo chini. Masika utarudi kukata baada ya wiki nne au tano. Kiangazi hukawia sana, usilazimishe. Kila ukikata, rudishia samadi, au mbolea ya dukani ya CAN ikiwa mvua ipo.

Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kilo 40 za majani mabichi kwa siku, na anayekamuliwa vizuri zaidi ya hapo. Pima mizigo miwili mitatu kwa mizani ndipo ununue ng'ombe wa pili. Ya ziada ya masika yakaushe, kwa sababu kuanzia Januari hadi Machi shamba halitoi kitu cha maana.

Kijana anayenikatia alizoea kufyeka chini kabisa, kama anasafisha kiwanja. Nikamchorea mstari wa chaki kwenye buti la mvua, chini kidogo ya goti: mundu usishuke hapa. Umande ukaifuta siku ya pili. Sasa ni rangi ya mashua, nyekundu, kwenye mabuti yote mawili.